Safari ya Gunia: Jinsi Kahawa Yetu Inavyofika Melini na Kuvuka Bahari



Halmashauri ya Umoja wetu imenitaka niandike katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi habari za njia ambayo kahawa hupita tangu inapotoka ghalani hata inapomfikia mnunuzi wa ng'ambo. Sababu yake yajulikana na kila aliyewahi kuhudhuria mikutano yetu. Hapakuwa na mkutano mkuu ambao haukuulizwa swali moja, mara kwa upole, mara kwa ghadhabu: "Redio yasema kahawa imepanda, mbona sisi hatujaona?" Na mwaka huu liko swali la pili mezani, yaani kama Umoja ujaribu kusafirisha shehena kwa jina lake wenyewe, badala ya kuuza yote mnadani na kumwachia mfanyabiashara kazi ya bahari. Si vema watu wapige kura juu ya jambo wasilolijua. Kwa hiyo nitaanza mbali kidogo, kwa maana jambo hili lina historia yake, na historia hiyo ni ya babu zetu.

Mibuni ya kwanza ya Kilimanjaro ilipandwa katika miaka ya 1890 katika misheni ya Kilema. Mti wenyewe uliipenda nchi hii upesi. Ukakaa ndani ya kihamba chini ya kivuli cha migomba kana kwamba ulizaliwa hapa. Taabu haikuwa kupanda. Taabu ilikuwa njia. Mlima wetu uko mbali na bahari, na mzigo uliobebwa kichwani hadi pwani huila faida yote kabla haujaiona merikebu. Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Tanga mwaka wa 1893, wakaenda polepole mno, na chuma kikafika Moshi mwaka wa 1911. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza nao wakatandika reli ya haraka kutoka Voi kwa ajili ya askari na mizinga yao, na mwaka wa 1916 ikaungana na ile ya Tanga hapo Kahe. Hivyo reli iliyojengwa kwa vita ikatuachia mlango wa pili wa bahari, yaani Mombasa.

Milango hiyo miwili haikufanana. Kilindini ilipata gati za maji marefu mwaka wa 1926, meli ikaegeshwa ubavuni mwa nchi kavu na winchi ikanyanyua magunia moja kwa moja. Tanga meli zilitia nanga ndani ya ghuba, na mzigo ukapelekwa kwa matishari, yaani mashua pana zisizo na injini zilizokokotwa na boti. Gunia la kahawa lilishikwa na mikono mingi: bohari, gari la moshi, bohari tena, tishari, kisha tumbo la meli. Kila mkono ulikuwa na gharama, na kila mkono ulikuwa na kulabu. Wazee waliofanya kazi ya ukuli walijua kwa macho ni kiasi gani cha kahawa humwagika katika safari hiyo, ijapokuwa katika vitabu kiliitwa "upungufu wa kawaida" na hakuna aliyeulizwa.

Mwaka wa 1925 wakulima wa Kichagga walianzisha chama chao cha kwanza cha wapanda kahawa, ambacho rais wake alikuwa Joseph Merinyo. Chama kile kilitetea haki ya Mwafrika kulima kahawa, jambo ambalo walowezi wengi hawakulipenda, kikapigana na magonjwa ya mibuni na kikajishughulisha na uuzaji. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Tanganyika ikatungwa mwaka wa 1932, na mwaka wa 1933 ukaandikishwa Muungano wa Ushirika wa Wenyeji wa Kilimanjaro, ambao wengi wetu tunaujua kwa herufi zake nne, KNCU. Tangu hapo kahawa ya vihamba elfu nyingi ilikusanywa, ikapimwa, ikauzwa pamoja.

Lakini miaka minne tu baadaye, mwaka wa 1937, zikatokea ghasia mlimani. Bei ya dunia ilikuwa imeanguka, sheria ilimlazimisha mkulima auze kwa chama chake tu, na watu wengi wakaamini kwamba fedha yao inaliwa mahali fulani kati ya ghala na bahari. Nimesoma na kusikia maelezo mengi ya ghasia zile. Wengine hulaumu watawala, wengine hulaumu siasa za mamangi, wengine hulaumu wachuuzi waliotaka kuirudisha biashara mikononi mwao. Yote yana ukweli. Hata hivyo naona kuna sababu iliyo ndogo na iliyo kubwa kupita hizo: mkulima aliiona kahawa yake ikiingia mlangoni mwa ghala, kisha hakuiona tena. Alichoona baadaye ni fedha kidogo. Katikati palikuwa na giza, na katika giza kila mtu huona anachokiogopa.

Basi tuingie ndani ya giza hilo.

Gunia likishakobolewa kiwandani na kupangwa kwa daraja, huwa mali ya aina mbili. Aina ya kwanza ni kahawa yenyewe, ambayo twaweza kuishika. Aina ya pili ni karatasi. Mtu wa Hamburg au Antwerp anayetaka kununua kahawa ya mlima huu hawezi kuja kuishika, wala mkulima wa huku hawezi kwenda kuzishika fedha zake. Watu wawili wasiojuana, waliotengwa na maji ya majuma kadhaa, kila mmoja akiogopa kutangulia: huyu haogopi bure kutuma kahawa kabla ya fedha, wala yule haogopi bure kutuma fedha kabla ya kahawa. Biashara yote ya bahari imejengwa ili kuutuliza woga huo, na chombo chake kikuu ni hati ya shehena.

Hati hii hutolewa na wenye meli, au wakala wao, mara mzigo unapokuwa melini. Kwayo nahodha akiri kwamba amepokea magunia kadha, yenye alama kadha, kwa hali njema ya nje. Kwayo pia yathibitika mapatano ya kuchukua mzigo hadi bandari iliyotajwa. Lakini nguvu yake kubwa ni ya tatu: anayeishika hati ya asili ndiye mwenye haki ya kudai kahawa itakapofika. Kwa desturi huandikwa nakala tatu za asili, na mojawapo ikishatumika, nyingine hazina nguvu tena. Kwa hiyo kahawa yaweza kuuzwa ikiwa bado i katikati ya Bahari ya Hindi, isiguswe wala isionekane, kwa kupitisha karatasi tu kutoka mkono hadi mkono. Mwanachama akiuliza ni lini kahawa yake huacha kuwa yake, jibu si pale gari linapoondoka wala pale meli inapong'oa nanga. Ni pale hati inapobadilisha mkono.

Hapo ndipo benki huingia. Mnunuzi aweza kuiomba benki yake itoe barua ya dhamana, kwamba italipa fedha kamili muuzaji akileta hati zilizotajwa: hati ya shehena, ankara, cheti cha asili ya kahawa, cheti cha afya ya mazao na nyinginezo. Kanuni za barua za namna hii zilichapishwa kwa mara ya kwanza na Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyabiashara mwaka ule ule wa 1933 ulioandikishwa KNCU, na zimerekebishwa mara nyingi. Zinazotumika siku hizi zilianza mwaka wa 2007. Msingi wake haujabadilika tangu mwanzo: benki hutazama karatasi, haitazami kahawa. Kahawa ikiwa bora kupita zote na jina la Umoja likiwa limekosewa herufi moja katika ankara, benki yaweza kukataa kulipa mpaka isahihishwe. Wanachama husema makarani ni watu wa kusumbua kwa ajili ya nukta na mkato. Nami nasema karani wa namna hiyo apewe kiti kizuri.

Njia ya pili, iliyozoeleka zaidi katika kahawa, ni malipo dhidi ya hati. Hapa benki haidhamini kitu. Hushika hati tu, na mnunuzi hazipati mpaka alipe. Ni nafuu, kwa kuwa barua ya dhamana ina ada zake. Lakini mnunuzi akigeuka, kahawa yako i baharini haina mwenyewe, nawe huna budi kumtafuta mwingine ukiwa umeshikwa koo. Kwa hiyo njia hii yafaa kwa mtu mnayejuana naye.

Kuna neno jingine ambalo hutajwa katika kila mkataba, nalo ni mahali bei inapokoma. Desturi za maneno hayo zilipangwa kwa pamoja mwaka wa 1936. Kahawa yetu kwa kawaida huuzwa kwa bei ya melini: muuzaji hubeba gharama na hatari mpaka mzigo uwe ndani ya meli, na kuanzia hapo nauli na bima ni za mnunuzi. Namna nyingine ni bei ya kufikisha, ambayo muuzaji hulipa nauli na bima hadi bandari ya mnunuzi. Wengine hudhani bei ya melini hutukinga na nauli. Sivyo. Nauli ikipanda, mnunuzi huiondoa katika bei anayotupa, kwa maana yeye hutazama jumla ya gharama mpaka mlangoni kwake.

Kuhusu bima nitasema neno moja tu, kwa kuwa litawafurahisha wakulima wa zao hili. Soko kubwa la bima ya bahari duniani, Lloyd's la London, lilianzia katika mkahawa wa kahawa. Mwenye mkahawa, Edward Lloyd, alikuwa na wateja manahodha na wenye meli katika miaka ya 1680, nao wakawa wanakubaliana hatari za safari mezani, vikombe vikiwa mbele yao.

Sasa nirudi kwenye gati. Mwaka wa 1956 Dar es Salaam ilifunguliwa gati zake za kwanza za maji marefu, na watu walishangilia kuwa makuli watapakia magunia moja kwa moja melini. Katika Aprili ya mwaka huo huo, huko Marekani, meli iitwayo Ideal X iliondoka Newark kwenda Houston ikiwa imebeba makasha 58 ya chuma juu ya sitaha yake. Mwenye fikira hiyo, Malcom McLean, alikuwa mtu wa malori aliyechoka kungoja bandarini mizigo ipakuliwe kimoja kimoja. Kasha lake ndilo kontena la leo. Lilituondolea kulabu, tishari na sehemu kubwa ya wizi. Liliwaondolea pia maelfu ya makuli mkate wao, katika Mombasa, London na kila bandari, nalo ni jambo lisilofaa kusahauliwa tunaposifu maendeleo.

Kontena la futi 20 huchukua magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200. Kabla ya kupakia, hukaguliwa: lisiwe na tundu, lisiwe na harufu ya samaki, ngozi wala dawa, kwa maana kahawa hufyonza harufu kama pamba ifyonzavyo maji. Kisha kuta na dari hufunikwa kwa karatasi nene. Karatasi hiyo ina kazi kubwa. Kahawa hutoka kwetu ikiwa na joto la nchi yetu, na hata ikikauka vizuri ina unyevu wake ndani, wa asilimia 11 au 12. Meli ikifika kwenye hewa ya baridi, unyevu huo hupanda, hugusa bati la dari lililopoa, huwa matone, na matone hurudi juu ya magunia. Wenyewe huiita mvua ya kontena. Kahawa iliyoanikwa haraka haraka siku ya mawingu, ikaletwa ghalani na unyevu uliozidi, ndiyo inayoleta mvua hiyo, na kuvu itakayofunguliwa Hamburg huwa imeanza juu ya kichanja cha mtu mmoja wa huku. Mama zetu wanaogeuza kahawa juani mara nyingi kwa siku wanafanya kazi ya usafirishaji, ijapokuwa hakuna aliyewaambia.

Kontena likijaa, hufungwa kwa lakiri yenye namba, na namba hiyo huandikwa katika hati. Tangu Julai 2016 hapana kontena linaloruhusiwa kupanda meli bila uzito wake wote kuthibitishwa, kwa sababu uzito wa uongo umewahi kuangusha makasha na kuhatarisha meli. Wakala wa forodha hupeleka tamko la bidhaa, hupata kibali, na kontena huingia bandarini kabla ya saa ya mwisho iliyowekwa na meli. Likichelewa saa moja laweza kungoja meli ijayo. Mara nyingi meli inayotoka kwetu haifiki Ulaya. Hulishusha kontena katika bandari kubwa ya njiani, nalo hungoja meli nyingine. Hati nayo husafiri kwa ndege, na si vema itangulie kupotea. Kahawa ikifika kabla ya hati, bandari ya ng'ambo huanza kudai ada za kuiweka.

Mnunuzi hupima tena. Mkataba wa kawaida wa kahawa wa Ulaya huruhusu upungufu wa nusu asilimia njiani. Unaozidi hapo hulipwa na muuzaji. Katika kontena letu hiyo ni kilo 96. Mizani ya chama cha msingi inayodanganya kwa kilo moja tu katika kila gunia imekwisha kuzivuka kilo 96 mara tatu na zaidi.

Na njia yenyewe ya bahari haikai salama siku zote. Mfereji wa Suez ulifungwa tangu Juni 1967 mpaka Juni 1975, na meli zikalazimika kuizunguka Afrika yote. Februari 1977 mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka ule, nasi tukaupoteza mlango wa Mombasa mpaka Novemba 1983. Vyama vikuu vya ushirika vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuvunjwa mwaka wa 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kwa hiyo katika miaka migumu kupita yote ya usafirishaji, mkulima hakuwa na chama kikuu cha kumweleza. Machi 2021 meli moja, Ever Given, iliziba Suez kwa siku sita. Tangu mwishoni mwa 2023 meli zilishambuliwa katika Bahari ya Shamu, na makampuni mengi yakarudia njia ndefu ya Rasi ya Tumaini Jema. Mkulima wa Rombo hana ugomvi na mtu katika bahari ile, bali nauli yake imo katika bei yake.

Sasa lile swali la redio. Bei ya kahawa ya arabika inayotangazwa ni ya soko la New York, nayo husemwa kwa senti za dola kwa ratili. Mnada wetu husema dola kwa kilo 50. Tuchukue mfano rahisi wa senti 200: ratili ni 110 katika kilo 50, basi ni kama dola 220. Mwanachama huishika hesabu hiyo akaja nayo mkutanoni. Lakini bei hiyo ni ya kahawa safi, naye ameleta kahawa ya maganda, ambayo kilo 100 zake hutoa safi kilo 80 au karibu yake. Hivyo kilo zake 50 ni safi 40, na dola 220 zimekuwa 176. Tena bei ya New York ni ya kahawa iliyokwisha kufika katika maghala ya Marekani na Ulaya. Ya kwetu ingali mlimani. Toa bahari, toa bandari, toa lori, kukoboa, magunia, ushuru na riba ya fedha tuliyokopa ili tumlipe malipo ya kwanza. Kisha ongeza au punguza kwa ubora wa daraja na wa kikombe. Kinachobaki ndicho chetu. Simwambii mwanachama aache kuuliza. Namwambia aulize kila kimojawapo cha vipande hivyo kwa jina lake, maana si vyote visivyopungua. Riba hupungua kahawa ikiuzwa mapema. Gharama ya kukoboa huweza kujadiliwa. Nauli ya bahari hatuiwezi.

Kuhusu kura ya mwaka huu nitasema wazi nionavyo, na atakayepinga apinge. Kusafirisha wenyewe kwaweza kutupatia ile sehemu anayobaki nayo msafirishaji, na zaidi ya hapo kwatupatia jina: magunia yanayofika yakiwa na alama yetu, na mnunuzi atakayeandika barua kwetu. Lakini sehemu ile ya msafirishaji si bure. Ni malipo ya kungoja fedha, ya kubeba hatari ya hati kukataliwa, na ya kumjua wakala wa Tanga na karani wa benki. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inayotaka kahawa iuzwe huko pamoja na alama za ramani za kila shamba ilipotoka, ijapokuwa utekelezaji wake umeahirishwa zaidi ya mara moja, itaongeza karatasi nyingine. Katika hili la mwisho chama cha wakulima kina nafuu kuliko mfanyabiashara, kwa sababu sisi twavijua vihamba vyenyewe na wenye navyo.

Kwa hiyo pendekezo nililolileta mbele ya Halmashauri ni kontena moja tu, magunia 320, ya daraja tuliyo na hakika nayo, kwa bei ya melini, na kwa mnunuzi aliyekwisha kuionja sampuli yetu na kuikubali kwa maandishi. Zao lote lililobaki liende mnadani kama kawaida, ili malipo ya kwanza ya wanachama yasitegemee meli hii. Hati zitasomwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, kabla hazijapelekwa benki. Makisio ya gharama yamebandikwa katika mbao za matangazo za vyama vyote vya msingi. Palipoandikwa kwa wino mwekundu, yaani karatasi ya kontena na ada ya wakala, bei zake bado hazijathibitishwa.